Mazungumzo Kabla ya Kitabu: Kisomo Chenye Manufaa Kanda ya Ziwa

Kisomo chenye manufaa ni njia ya kuwafundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu kupitia kazi wanazozifanya kila siku. Nchini Tanzania kilianza kwa majaribio mwaka 1968 katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Mradi huo, uliokuwa na makao yake mjini Mwanza, uliendeshwa na serikali kwa msaada wa UNESCO na UNDP. Ulikuwa sehemu ya mpango wa kimataifa uliotokana na mkutano wa Tehran wa mwaka 1965 kuhusu kufuta ujinga wa kusoma na kuandika.

Kabla ya hapo, somo la kusoma lilianzia kwenye herufi. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mtoto alianza na alifu, bee, tee, akafuatisha irabu, kisha akaingia juzuu ya Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, huku akikariri kwa sauti. Shule za misheni nazo zilianza na a, e, i, o, u, zikaendelea na ba, be, bi, bo, bu. Njia hizo zilitoa wasomaji hodari, ila maana ya kilichosomwa ilikuja baadaye. Mtoto aliweza kuisubiri. Mkulima aliyefika darasani alasiri akitoka kupalilia hakuwa na nafasi hiyo; asipoona faida mapema, kesho yake hakurudi.

Kwa sababu hiyo mradi wa Mwanza ulitunga vitabu vya kwanza kufuatana na kazi za watu: pamba kwa wakulima wa Usukumani, migomba kwa watu wa Ziwa Magharibi, uvuvi kwa waliokaa kando ya ziwa, pamoja na ufugaji wa ng'ombe na maarifa ya nyumbani. Somo lilianza na mazungumzo, kitabu kikiwa bado kimefungwa. Mwalimu alionyesha picha inayohusu kazi yenyewe, akauliza maswali. Kwa picha ya shamba la pamba, maswali yalikuwa kama haya: Mkulima huyu anafanya nini? Kwa nini amepanda kwa mistari? Asipopalilia mapema itakuwaje? Hapo mwanakisomo ndiye aliyekuwa mjuzi. Alieleza anayoyajua, akabishana na jirani yake, na kila mmoja akatamani kujua kitabu kinasemaje.

Mazungumzo hayo yalijenga pia msamiati. Wanakisomo wengi walizungumza Kisukuma, Kihaya, Kijita au Kikurya nyumbani, ilhali vitabu viliandikwa kwa Kiswahili. Kutaja mbegu, magugu, mbolea na mavuno kwa mdomo, picha ikiwa mbele yao, kuliwawezesha kuyazoea maneno hayo kabla ya kuyaona yameandikwa.

Ndipo ilipofuata sentensi fupi, kisha neno moja kutoka katika sentensi hiyo, kisha silabi zake. Muundo wa Kiswahili uliifaa sana kazi hii, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia na irabu na husomwa kama zinavyoandikwa. Neno pamba hugawanyika kuwa pa na mba. Ukiongeza ndugu zake, yaani pa, pe, pi, po, pu na mba, mbe, mbi, mbo, mbu, unapata pembe, pambo, pipa, popo na mbu. Kutoka neno moja analolijua vizuri, mwanakisomo aliunda mengine kwa mkono wake mwenyewe. Nchini Brazil, mwanaelimu Paulo Freire aliwafundisha wafanyakazi wa Angicos kwa njia inayofanana na hiyo mwaka 1963, akitumia picha, mazungumzo na familia za silabi. Yeye mwenyewe aliitembelea Tanzania mwaka 1971.

Mwalimu Nyerere, Rais wa Tanzania, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata kampeni ya kufuta ujinga ikaenea nchi nzima. Vikaongezwa vitabu vya mazao mengine, yakiwemo mahindi, mpunga na tumbaku. Walimu wengi walikuwa wa kujitolea, baadhi yao vijana waliomaliza darasa la saba. Ugumu ulijitokeza hapohapo. Kuongoza mazungumzo ya watu wazima kunahitaji mwalimu mwenye mafunzo na picha za kutosha. Vilipokosekana, madarasa yalirudi kwenye kukariri silabi ubaoni.

Hata hivyo mafanikio yalikuwa makubwa. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa takriban 67%. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha wamepungua hadi 39%, na ule wa mwaka 1986 ukaonyesha 9.6%. Chanzo hakikuwa njia ya kufundishia peke yake, kwa kuwa kampeni ilisukumwa na viongozi, redio na shule za msingi. Lakini mazungumzo ya awali ndiyo yaliyompa mtu mzima sababu ya kufungua kitabu na maneno ya kukielewa. Mwalimu wa leo anayefundisha kusoma, awe na watoto au watu wazima, asiiruke hatua hiyo: aonyeshe picha, aulize, asikilize, awazoeze maneno mapya, ndipo aseme, "Fungueni vitabu."