Bonsai kwa anayeanza: Chungu kizuri hununuliwa mwisho

Wengi wanaoanza bonsai huanza na chungu. Wanaona kile cha bapa chenye miguu, wanakipenda, wanakinunua, halafu ndipo wanatafuta mche wa kutosha humo ndani. Wanapanda, wanakata matawi kidogo, wanapiga picha. Mwaka unapita, wa pili unapita, mche uko vilevile na shina jembamba kama penseli. Hapo ni kama haujafa.

Tatizo si mkono mbaya, ni mpangilio tu. Chungu cha bonsai kimetengenezwa kwa ajili ya mti ambao tayari umenenepa, na kazi yake ni kupunguza kasi ya kukua. Mche mchanga ukiingizwa humo ni kama gari lililopigwa breki kabla ya kuondoka.

Neno lenyewe ni la Kijapani. "Bon" ni chombo bapa, "sai" ni kupanda. Sanaa hii ilitoka China, ambako huitwa penjing, Wajapani wakaichukua na kuiendeleza kwa namna yao. Hakuna aina ya mti inayoitwa bonsai, na hakuna mbegu za bonsai. Zile zinazouzwa mtandaoni kwa jina hilo ni mbegu za miti ya kawaida kabisa, na zikipandwa shambani zitarefuka kama ndugu zake.

Miti ya kuanzia Afrika Mashariki haina shida. Fikasi za kwenye uzio, mkuyu, mkwaju na bogenvilia huvumilia kukatwa na huchipua tena. Waridi la jangwani nalo ni zuri kwa shina lake lililovimba chini, ila halitaki maji mengi, mizizi yake huoza upesi. Kuna hata miche ya bure: ndege hula matunda ya jamii ya mikuyu, wanaangusha mbegu kwenye nyufa za kuta na mifereji ya paa, na mche unaota hapo. Huo ungeng'olewa vyovyote vile. Lakini kuchimba mti ndani ya hifadhi ya msitu bila kibali ni kosa kisheria, hata uwe mdogo kiasi gani.

Kwanza shina

Shina hunenepa kwa sababu ya kilicho juu yake. Majani yanatengeneza chakula, chakula kinashuka kupitia gome, na shina linaongeza tabaka jipya la mbao. Majani yakiwa mengi, unene nao unaongezeka. Ndiyo maana miaka ya mwanzo mti unatakiwa uonekane ovyo: mrefu, matawi yamesambaa, hauna dalili yoyote ya bonsai. Anayeupogoa kila wiki ili uwe "mdogo na mzuri" anauzuia kufika anakotaka ufike.

Mahali pazuri pa kunenepesha shina ni ardhini. Wakuzaji wana ujanja mmoja rahisi: wanafukia kigae bapa cha sakafuni, wanakata mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja, kisha wanaukalisha mche juu ya kigae hicho na kuitandaza mizizi pande zote. Mizizi ikishindwa kushuka inaenda pembeni, na baada ya miaka kadhaa chini ya shina panakuwa na mizizi iliyotanda kama vidole. Sehemu hiyo ndiyo inayoufanya mti mdogo uonekane mzee, na ni ngumu sana kuirekebisha baadaye.

Mpangaji asiye na uwanja anaweza kutumia ndoo ya lita 20 au karai kuukuu, lililotobolewa chini kwa msumari wa moto. Matundu yawe mengi, si mawili.

Njia nyingine ya kuongeza unene ni kuacha tawi moja la chini lirefuke litakavyo, hata mita 2, kwa kazi hiyo moja tu ya kunenepesha shina lililo chini yake. Watu huliita tawi la kafara, kwa sababu likishamaliza kazi linakatwa.

Halafu kuna mkato mkubwa, ule unaowatisha wanaoanza. Kama lengo ni mti wa sentimita 30, shina lililonenepa hukatwa kwenye sentimita 10 hivi. Chipukizi moja linaachwa lipande kuwa kilele kipya, likinenepa nalo linakatwa, kisha lingine. Kila mkato unaacha kipande cha juu kikiwa chembamba kuliko cha chini, na hivyo shina linapungua unene taratibu kama la mti mkubwa wa porini. Fikasi na mkwaju huchipua hata kwenye shina lisilo na jani. Msonobari hauwezi hivyo: tawi lisiloachiwa sindano hata kidogo kwa kawaida hufa. Na utomvu mweupe wa fikasi usiguse macho, unawasha vibaya.

Kati ya ardhi na chungu kuna hatua ambayo watu huiruka. Mti ukitolewa ardhini na mizizi minene, hauendi moja kwa moja kwenye chungu bapa. Unakaa kwanza mwaka au zaidi kwenye sanduku la mbao lenye kina kifupi, au kikapu cha plastiki chenye matundu, kile cha kuoshea mboga. Mzizi ukifika kwenye tundu unakutana na hewa, ncha yake inakauka, na nyuma yake inatoa vijizizi vingi vidogo. Hivyo vidogo ndivyo vitakavyoulisha mti ndani ya udongo kidogo.

Sasa chungu

Shina likiwa na unene unaotakiwa, makovu makubwa yakiwa yamefunga na matawi makuu yakiwa mahali pake, ndipo chungu kinatafutwa. Kipimo cha kawaida ni urefu wa chungu kuwa theluthi mbili za kimo cha mti, na kina chake kulingana na unene wa shina pale linapoingia ardhini. Mti wa sentimita 30 wenye shina la sentimita 4 unataka chungu cha urefu wa sentimita 20 na kina cha sentimita 4 hivi. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam, kuongeza sentimita 1 au 2 za kina ni busara kuliko kung'ang'ania kipimo, maana udongo kidogo hukauka haraka mno. Mti wa mtindo wa maporomoko, unaoning'inia chini ya ukingo, wenyewe hupewa chungu kirefu cha kwenda chini.

Rangi ni suala la macho. Kwa mazoea, misonobari huwekwa kwenye vyungu vya kahawia visivyong'aa, na miti ya maua au matunda hupewa vinavyong'aa. Bogenvilia ya maua ya waridi kwenye chungu cha buluu inapendeza. Lakini anayenunua aangalie ndani kwanza kabla ya nje. Sakafu ya ndani iwe tambarare ili maji yasituame pembeni, matundu yawe makubwa, na miguu iinue chungu ili hewa ipite. Kile kinachobana mdomoni kama mtungi kiachwe, kwa sababu siku ya kuutoa mti lazima kimoja kivunjike. Vyungu vya Tokoname huko Japani na Yixing huko China vina sifa kubwa, ila mfinyanzi wa karibu akipewa vipimo na kuonyeshwa matundu anaweza kutengeneza kinachofaa kabisa.

Udongo wa bustani haufai humo, na sababu yake inaonekana jikoni. Sponji iliyoloweshwa ikilazwa bapa hushika maji, ikisimamishwa wima maji yanaanza kuchuruzika. Chungu bapa ni ile sponji iliyolala: tabaka la chini linalobaki limelowa lina kimo kilekile kwenye chungu kifupi na kirefu, kwa hiyo kwenye kifupi linachukua sehemu kubwa ya nafasi yote. Dawa yake ni punje kubwa. Matofali ya kuchoma yaliyopondwa, mawe mepesi ya volkano au kokoto ndogo, vyote vikichekechwa kuondoa vumbi, vikachanganywa na mboji kidogo. Kutandika kokoto chini ya udongo wa kawaida, jambo linalofanywa karibu kila nyumba, hakusaidii. Kunapandisha tu ule unyevu karibu zaidi na mizizi.

Kuhamisha kufanyike mvua zinapoanza, mti ukiwa na nguvu za kuchipua. Kwa anayeanza, mizizi isikatwe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja, na ya bogenvilia ishikwe taratibu kwa sababu inakatika ovyo. Mti hufungwa kwenye chungu kwa waya unaopitishwa kwenye matundu ya chini. Mti unaotikisika na upepo unakata vijizizi vyake kila siku.

Wapo wanaosema chungu kinautesa mti na kufupisha maisha yake. Huko Washington, Marekani, kuna msonobari mweupe wa Kijapani unaotunzwa kama bonsai tangu mwaka 1625. Ulikuwa Hiroshima bomu la atomiki lilipoangushwa mwaka 1945, ukapona, na mwaka 1976 familia ya Yamaki ikautoa zawadi kwa Marekani. Kinachouweka hai mti wa namna hiyo ni kazi ya kurudiwa: kila baada ya miaka kadhaa unatolewa, mizizi inapunguzwa na udongo unabadilishwa.

Baada ya kuhamishwa mti ukae kivulini wiki 2 au 3, umwagiliwe udongo wa juu unapoanza kukauka, kisha urudishwe juani kidogo kidogo. Mbolea isubiri hadi majani mapya yatoke.