Fanani Aliyekosa Hadhira: Phil Ochs na Mkutano Mkuu wa Chicago, 1968

1. Utangulizi

Katika nadharia ya fasihi simulizi, fanani hasimami peke yake. Utungo wake hukamilika pale tu hadhira inapousikia, ikauitikia, ikaucheka au ikaukataa. Wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa jambo hili mapema, na aghalabu mifano hutolewa katika ngoma, taarabu, majigambo na hadithi za jioni. Mhadhara huu unachukua mfano kutoka mbali: mwanamuziki Mmarekani, Phil Ochs, aliyekuwapo Chicago mwezi Agosti 1968 wakati chama cha Democratic kilipofanya mkutano wake mkuu wa taifa ili kumteua mgombea urais.

Sababu za kumleta mtu huyu katika jukwaa la taaluma za Kiswahili ni mbili. Kwanza, kisa chake kinaonyesha kwa uwazi usio wa kawaida kile kinachompata fanani anapoamini kwamba hadhira aliyoitungia haipo tena. Pili, safari yake ilimfikisha Afrika Mashariki mwaka 1973. Nairobi aliimba kwa Kiswahili katika santuri; Dar es Salaam alipoteza sehemu ya sauti yake. Masimulizi yaliyozoeleka huiunganisha miji hii kuwa hekaya moja ya mwimbaji aliyenyamazishwa. Mhadhara huu unashikilia kwamba hekaya hiyo inaficha jambo muhimu zaidi: kilichokufa Chicago hakikuwa sauti bali sikio.

2. Mwandishi wa habari mwenye gitaa

Ochs alizaliwa El Paso, Texas, tarehe 19 Desemba 1940. Alisomea uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, akaacha kabla ya kuhitimu, na mwaka 1962 akahamia New York, ambako vijana wenye magitaa walikuwa wakiimba katika vilabu vidogo vya kahawa. Albamu yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1964, iliitwa All the News That's Fit to Sing, jina linalotania kaulimbiu maarufu ya gazeti la New York Times. Utani huo ulikuwa pia maelezo sahihi ya kazi yake. Alisoma magazeti, akachagua tukio, akamtaja mwenye kosa, kisha akaliimba jambo hilo mbele ya watu kabla halijasahauliwa. Mwaka huohuo wa 1964 alikwenda Mississippi kuwaimbia wanaharakati waliokuwa wakipigania haki ya Weusi ya kujiandikisha kupiga kura.

Chini ya mbinu hii kulikuwa na imani. Ochs aliamini kwamba msikilizaji wake ni raia. Kwamba raia akiujua ukweli ataudai. Na kwamba dai likiwa na nguvu ya kutosha litaingia katika ukumbi wa chama, litapigiwa kura, na litakuwa sheria. Kwa hiyo, ingawa alikuwa mkosoaji mkali wa serikali ya nchi yake, hakuwa mtu aliyeikataa nchi hiyo. Nyimbo zake dhidi ya vita vya Vietnam zilimwita msikilizaji arudi kwenye ahadi za Marekani, si aziache. Hadhira aliyoikusudia ilikuwa pana kuliko vijana waliokaa mbele yake: ilikuwa taifa zima, na mkutano mkuu wa chama ulikuwa mahali ambapo taifa hilo lilitarajiwa kusikia.

3. Siku za Chicago

Mwaka 1968 ulikwisha kuitikisa imani hiyo kabla ya Agosti. Rais Lyndon Johnson alitangaza mwezi Machi kwamba hatagombea tena. Martin Luther King aliuawa mwezi Aprili, na Robert Kennedy mwezi Juni. Katika chaguzi za awali za majimbo, kura nyingi zilikwenda kwa Kennedy na Eugene McCarthy, wagombea waliopinga vita. Makamu wa Rais Hubert Humphrey hakushiriki hata mojawapo ya chaguzi hizo, lakini wajumbe wengi walikuwa upande wake.

Ochs alikwenda Chicago kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Alikuwa mgeni wa kampeni ya McCarthy, na papo hapo alikuwa mshiriki katika mipango ya Jerry Rubin, Abbie Hoffman na wenzao waliojiita Yippie, ambao walikusudia kufanya tamasha la muziki katika bustani ya Lincoln Park kama kinyume cha mkutano wa wakubwa. Msimamo huu wa mguu mmoja ndani na mwingine nje ndio unaoufanya ushahidi wake uwe na thamani.

Tarehe 23 Agosti kikundi hicho kilileta nguruwe katika uwanja wa Civic Center, katikati ya jiji, na kumtangaza kuwa mgombea wao wa urais. Ochs ndiye aliyesaidia kumchagua mnyama huyo katika shamba, na ndiye aliyemlipia. Kejeli ilikuwa na tabaka zaidi ya moja. Ukumbi wa mkutano, International Amphitheatre, ulikuwa jirani na machinjio makubwa yaliyoijengea Chicago jina; na neno la Kiingereza la nguruwe ndilo lililokuwa tusi la mitaani kwa askari polisi. Rubin, Ochs na wengine walikamatwa. Kwa mujibu wa ushahidi wa Ochs mwenyewe, askari mmoja aliwatania mahabusu kwamba wamekwisha, kwani nguruwe amewasaliti. Mzaha huo hautafsiriki kwa urahisi: Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mlio wa nguruwe na kwa kutoboa siri. Lakini unaonyesha kwamba siku hiyo askari na msanii bado waliweza kuchezea lugha moja.

Siku zilizofuata hazikuwa na mizaha. Meya Richard J. Daley alikuwa na askari polisi wapatao 12,000, na jeshi la Walinzi wa Taifa lilikuwa tayari. Ukumbi ulizungushiwa seng'enge. Wanamuziki wengi waliotarajiwa katika tamasha hawakufika. Bendi ya MC5 ilipiga Lincoln Park Jumapili tarehe 25, na Ochs akawa miongoni mwa wachache waliobaki. Usiku polisi waliwafukuza watu bustanini kwa virungu na mabomu ya machozi.

Tarehe 27, siku Johnson alipotimiza miaka 60, wapinzani wa vita walikusanyika katika jengo la Coliseum kumfanyia rais sherehe ya kejeli. Ochs aliimba I Ain't Marching Anymore, na vijana wakachoma kadi zao za kuandikishwa jeshini hapohapo. Kwa kipimo cha fasihi simulizi, huo ulikuwa uitikiaji kamili: fanani aliimba kukataa vita, na hadhira ikakataa kwa kitendo. Ugumu ni kwamba waliosikia walikuwa wale ambao tayari walikuwa wamekubali.

Siku iliyofuata, tarehe 28, pendekezo la amani liliwekwa mbele ya wajumbe na kushindwa kwa kura 1,567¾ dhidi ya 1,041¼. Baada ya matokeo, wajumbe wa New York na wenzao walisimama ukumbini wakaimba We Shall Overcome. Inafaa kuzingatia mpangilio wa matukio hayo. Wimbo uliingia ukumbini baada ya kura kuhesabiwa, si kabla. Ulikuwa maombolezo, wala haukuwa hoja. Jioni hiyo polisi waliwapiga waandamanaji katika barabara ya Michigan, mbele ya hoteli ya Conrad Hilton, kamera za televisheni zikitazama. Na usiku Humphrey akateuliwa. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Desemba 1968 chini ya Daniel Walker iliyaita matendo ya polisi ghasia za polisi wenyewe, na kuhesabu waliokamatwa kuwa 668.

4. Gitaa mahakamani

Wanaharakati wanane walishtakiwa kwa njama na kwa kuvuka mipaka ya majimbo ili kuchochea ghasia. Baada ya kesi ya Bobby Seale kutengwa, walibaki saba. Ochs aliitwa kuwa shahidi wa utetezi Desemba 1969. Wakili William Kunstler alimwonyesha gitaa, naye akathibitisha kwamba ndilo alilolipiga Chicago. Wakili akamwomba auimbe wimbo aliouimba. Mwendesha mashtaka akapinga, na Jaji Julius Hoffman akakubaliana naye. Wimbo haukuimbwa.

Tukio hili dogo lina uzito katika taaluma ya fasihi. Mahakama ilipokea gitaa kama kitu, na ilipokea maelezo kwamba wimbo uliimbwa, lakini iliukataa utendaji wenyewe. Kwa sheria za ushahidi, uamuzi huo hauna ajabu. Kwa fanani, maana yake ilikuwa kwamba mhimili wa pili wa dola, baada ya chama, ulikuwa tayari kuzungumza juu ya wimbo wake bila kuusikia.

5. Jiwe la kaburi

Mwaka 1969 Ochs alitoa albamu ya Rehearsals for Retirement. Jalada lake lina picha ya jiwe la kaburi lenye jina lake, likieleza kwamba alizaliwa El Paso mwaka 1940 na kufariki Chicago mwaka 1968. Waandishi wengi wameisoma picha hiyo kama ungamo la msanii aliyekwisha. Usomaji huo unahitaji tahadhari, kwani marehemu hatungi. Albamu hiyo ni miongoni mwa kazi zake zilizopikwa zikaiva, na ndani yake umo wimbo unaomleta mshairi wa Ireland, William Butler Yeats, katika Lincoln Park. Uwezo wa kutunga haukuzikwa.

Kilichobadilika ni anayeambiwa. Katika nyimbo za 1964 na 1965, mwimbaji anamsemesha raia na kumtaka atende. Katika albamu ya 1969 anasimulia kilichompata yeye, kama mtu anayejua kwamba hakuna atakayesimama kwenda kupiga kura baada ya ubeti wa mwisho. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Ochs alirudi kutoka Chicago akiamini kwamba demokrasia ya nchi yake imekufa rasmi, na mganga aliyekwisha kuona sikio limekufa hana tena sababu ya kuendelea kuchemsha dawa ileile.

Hatua yake iliyofuata inathibitisha kwamba alikuwa akitafuta hadhira. Tarehe 27 Machi 1970 alipanda jukwaa la Carnegie Hall, New York, akiwa amevaa suti ya rangi ya dhahabu, akaimba nyimbo za Elvis Presley pamoja na zake. Hoja yake ilikuwa kwamba wafanyakazi wa Marekani humsikiliza Presley, hivyo ujumbe wa mabadiliko lazima ujifunze sauti hiyo. Baadhi ya wasikilizaji walimzomea. Alikuwa ametafuta sikio jipya, akalikera hata lile la zamani.

6. Nairobi na Dar es Salaam

Mwaka 1973 Ochs alisafiri Afrika. Nairobi alirekodi santuri ndogo akiwa na bendi ya rumba, upande mmoja ukiwa kwa Kilingala na mwingine kwa Kiswahili. Upande wa Kiswahili uliitwa Niko Mchumba Ngombe. Jina hilo haliendi na sarufi sanifu, ambayo ingedai ni au nina mahali pa niko, lakini linawakumbusha wasomaji Kiswahili cha mitaa ya Nairobi, ambako niko hufanya kazi nyingi. Santuri hii haijapata nafasi inayostahili katika tafiti za muziki wa Kiswahili. Ni kumbukumbu ya mtu aliyeishi kwa maneno akiimba katika lugha ambayo hakuimudu, kwa hadhira ambayo hakuijua.

Katika safari hiyohiyo, majambazi walimshambulia ufukweni Dar es Salaam na kumkaba koo. Mishipa ya sauti iliumia, naye akapoteza noti tatu za juu. Baadaye alishuku kwamba shambulio lilipangwa na ujasusi wa nchi yake. Shaka hiyo haikuthibitishwa. Lakini baada ya kifo chake ilifahamika kwamba FBI ilikuwa na jalada juu yake lenye kurasa zinazokaribia 500, hivyo kuchunguzwa hakukuwa ndoto tu. Hata hivyo, haifai kuyageuza majeraha ya Dar es Salaam kuwa mwisho wa kitamathali. Nyimbo mpya zilikuwa zimepungua tangu 1970, wakati koo lilikuwa zima. Ulevi na ugonjwa wa akili, ambao baba yake pia aliuugua, ni sehemu ya maelezo hayo. Ochs alijiua tarehe 9 Aprili 1976, akiwa na umri wa miaka 35.

7. Hitimisho

Mwezi Novemba 1968, miezi mitatu baada ya Chicago, Abdilatif Abdalla wa Mombasa alitoa waraka wa Kenya: Twendapi? Alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972. Gerezani aliandika kwa siri katika karatasi za msalani, na mwaka 1973, mwaka uleule wa santuri ya Ochs, mashairi hayo yalichapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Abdalla alinyimwa hadhira kwa kuta na kufuli, lakini alitunga katika bahari za ushairi zenye karne nyingi za wasikilizaji. Kila mizani na kila kina vilimpa msikilizaji asiyeweza kufungwa. Ochs aliachwa huru, lakini hadhira yake aliifunga na habari za siku na kura za msimu. Mkutano mmoja ulipoziba masikio, hakuwa na pa kuupeleka wimbo.

Ulinganisho huu haukusudii kupima nani bora. Ulimwengu unahitaji pia mwimbaji wa habari za leo, na vijana waliochoma kadi zao tarehe 27 Agosti hawakuhitaji utungo wa kudumu karne mbili. Funzo kwa mwanafunzi wa fasihi ni la kiuchambuzi: anapoulizwa kwa nini fanani amenyamaza, asiangalie koo peke yake. Aulize kwanza nani alikuwa akisikiliza, na aliacha lini.