Safu ya Lugha: Mlokole si sketi ndefu
Siku hizi msichana akivaa sketi ndefu na kukataa bia, huitwa "mlokole", mara nyingi kwa kebehi. Hapo neno linaonewa. Limetoka Uganda: kwa Kiganda, balokole ni watu waliookoka, jina lililowashika wafuasi wa uamsho wa Kikristo uliopamba moto Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Walokole wale walijulikana kwa kuungama dhambi hadharani na kurudisha walichoiba.

Wengine huchanganya kuokoka na kuongoka. Aliyeokoka ametoka hatarini salama. Aliyeongoka ameshika njia iliyonyooka baada ya kupotea. Tazama kipofu aliyeponywa na Yesu katika Yohana 9. Macho aliyapata mara tu aliponawa, lakini imani ilimjia kwa hatua: kwanza alimtaja Yesu kama mtu tu, kisha nabii, mwishowe akamsujudia. Huyo kaongoka na kuokoka, hata kama hatujui alivaa nini. Basi anayevaa kwa heshima mwiteni mwenye staha. Neno mlokole mwachieni aliyeokoka.