Maziwa, Matufaha na Kimemo

Mwaka 1946 George Orwell alimwandikia barua Dwight Macdonald, mhariri Mmarekani, akimweleza ni wapi hasa mapinduzi yanapoharibika katika riwaya yake, Shamba la Wanyama. Wasomaji wengi hutaja mbwa wakali, au farasi mchapakazi anayepelekwa kuchinjwa. Orwell alitaja maziwa na matufaha. Siku nguruwe walipojitengea vitu hivyo na wengine wakanyamaza, mambo yaligeuka. Kama wangekataa siku ile, yaliyofuata yasingefuata.

Nimefundisha historia sekondari kwa muda mrefu, na kila nikifika kwenye Azimio la Arusha barua hiyo hunijia kichwani. Si kwamba Orwell alituwazia sisi. Alimlenga Stalin, na wachapishaji kadhaa wa London walimkatalia kwa sababu Urusi ilikuwa mshirika wa Uingereza vitani. Kitabu kikatoka Agosti 1945, vita vikiwa vimekwisha. Lakini tafsiri ya Kiswahili ya Fortunatus Kawegere ilichapishwa Nairobi mwaka 1967, mwaka uleule ambao Tanzania, kama wanyama wale, iliandika amri zake ukutani. Aliyekuwa na tafsiri hiyo na Azimio mezani hakuwa na haja ya kwenda Moscow kutafuta mfano.

Amri zetu tuliziita miiko ya uongozi. Zimo katika Azimio lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, baada ya Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, kukutana Arusha mwishoni mwa Januari. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na walioandika hawakuwa watoto: wakafafanua kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mkewe, au mtu pamoja na mumewe, na kwamba neno hilo linawagusa mawaziri, wabunge, wakubwa wa mashirika, hadi watumishi wa serikali wa ngazi ya kati. Mlango wa mke ulifungwa siku ya kwanza.

Haja ilikuwepo. Mitaani watu walikwisha kuwapa wakubwa wapya jina la wabenzi, kwa magari yao ya Benz. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, na bango moja lilidai kwamba enzi ya mkoloni ilikuwa afadhali. Rais, Mwalimu Nyerere, aliwafukuza karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Azimio lilipotoka, mkewe, Mama Maria, alikabidhi mradi wake wa kuku kwa kijiji cha ushirika. Oktoba 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono. Kijana Seti Benjamin alikuwa amekwisha kufa njiani, akitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya Azimio hilohilo. Ninapowasimulia wanafunzi habari zake huwa siongezi neno. Wenyewe humkumbuka yule farasi.

Bibi Titi Mohamed, mmoja wa viongozi wa TANU, alikataa. Alikuwa na nyumba za kupangisha, akasema waziwazi kwamba haoni dhambi yake, akaachia nafasi yake ya juu katika chama. Tumezoea kumweka upande mbaya wa ukurasa huo wa historia. Mimi simweki huko. Aliyekataa mchana kweupe alikuwa ameiheshimu miiko kuliko walioipigia makofi huku wakitafuta kalamu.

Baba yangu alikuwa miongoni mwa waliotafuta kalamu. Alikuwa ofisa wa ngazi ya kati serikalini, Tabora, na alikuwa na nyumba Isevya: vyumba sita, ukumbi katikati, ua na choo nyuma, wapangaji wanne. Miiko ilipotoka, ilimpata sawasawa. Mke hakufaa, kwa hiyo nyumba ikaandikwa kwa jina la shangazi, dada yake mkubwa, aliyekuwa akilima karanga na hakuwa kiongozi wa kitu chochote. Kodi iliendelea kuingia kila mwisho wa mwezi. Shangazi aliifunga kwenye pindo la kanga akaileta nyumbani, baba akampa chake cha sukari. Hakuna aliyemwita mwizi, na sidhani alikuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyeisoma amri kwa makini mpaka akaona ilipoishia.

Lakini nyumba ya Isevya haikumnyima mtu chakula. Maziwa na matufaha yetu yalikuwa kimemo. Waliozaliwa baadaye ni vigumu kuwaeleza hali ya wakati ule, hasa baada ya vita vya Kagera. Sukari, sabuni, unga na kanga vilikuwa vya mgawo. Kwenye duka la kaya foleni ilianza alfajiri, matofali na vikapu vikiwashikia wenyewe nafasi. Kimemo kilikuwa karatasi isiyozidi kiganja, iliyochanwa kwenye daftari la ofisi, na kilichonishangaza nikiwa kijana ni kwamba hakikutaja kitu. Hapakuwa na neno sukari wala idadi ya kilo. Kiliandikwa: Ndugu, msaidie mleta karatasi hii. Chini yake saini. Mtu wa ghala aliitazama saini, akapima ukubwa wa aliyeandika, na kipimo cha saini ndicho kilichokuwa kipimo cha mfuko. Kisha akakichomeka kwenye msumari pamoja na vingine. Ukikisoma kimemo hicho hata leo mbele ya hakimu, huoni mwiko uliovunjwa. Si hisa, si mshahara wa pili, si nyumba.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, watu walitupa bidhaa vichakani usiku kwa hofu. Mtaani kwetu walikamatwa wenye maduka. Mwandishi wa kimemo aliyekamatwa sikumsikia.

Katika hadithi ya Orwell yumo punda mzee anayesoma vizuri sawa na nguruwe, ila hapendi kusoma kwa sauti. Kwetu walikuwepo waliosoma kwa sauti. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulimkataza kiongozi uonevu, majivuno na ufahari, nao wafanyakazi wakakishika kifungu cha 15 wakawasomea mameneja wao viwandani. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikwenda mbali zaidi, wakakitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe. Muda si mrefu dola ikazima harakati za namna hiyo. Baada ya hapo punda wakawa wengi, na nawaelewa. Hata Kezilahabi, aliyeandika tamthilia ya Kaptula la Marx akiwacheka viongozi waliovaa nguo isiyowaenea, maandishi yake yalikaa miaka mingi kabla ya kuchapishwa.

Kwa hiyo Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichorithi TANU, ilipokutana Zanzibar mwaka 1991 na kuruhusu hisa, ukurugenzi, mshahara zaidi ya mmoja na nyumba za kupangisha, wengi walisema amri zimefutwa usiku, kama katika hadithi. Usiku gani? Ukuta ulikuwa umebaki na rangi tu. Mwalimu alikuwa amekwisha kuacha uenyekiti wa chama mwaka mmoja nyuma, na aliendelea kusema hadharani kwamba anatembea na vitabu viwili, Biblia na Azimio la Arusha. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 ikaja na utaratibu mwingine: kiongozi anaweza kumiliki, mradi atamke mali zake kwenye fomu.

Baba, akiwa amestaafu, alisikia habari za Zanzibar redioni akafurahi. Wiki hiyohiyo alikwenda kwa shangazi kuomba jina la nyumba lirudishwe. Shangazi hakuwa na neno, lakini wanawe walikuwa wamekwisha kukua, na wawili walikuwa wakiishi mle na familia zao. Wakamletea karatasi ya mwaka 1967, mwandiko wa baba mwenyewe, inayosema nyumba ni ya mama yao na hana madai nayo. Wazee wa ukoo walikaa mara kadhaa. Mwishowe akaachiwa vyumba viwili vya mbele, naye akavipangisha.