Thamostati: Asili ya Chombo na Jina Lake

Mwenye jokofu, pasi ya umeme au kiyoyozi anacho chombo hiki nyumbani mwake, hata kama hajapata kukiona kwa macho. Kazi yake ni kulinda joto lisipande wala lisishuke kupita kiwango kilichowekwa. Mafundi wetu hukiita thamostati. Katika maandishi huitwa pia kidhibitijoto, na wako wasemao kirekebishajoto. Makala haya yana shabaha ya kueleza kwa muhtasari asili ya chombo hiki na ya jina lake la kigeni, kisha kuangalia ni lipi kati ya majina hayo linalomfaa mtumiaji siku mambo yanapokwenda mrama. Maana siku hiyo ndipo jina hupimwa.

Dhana ni kongwe kuliko jina. Mwanzoni mwa karne ya 17 Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyefanya kazi Uingereza, alitengeneza tanuri la kuangulia vifaranga ambalo lilijiendesha lenyewe: zebaki ilipotanuka kwa joto ilifunga kilango cha hewa, na moto ukapungua. Jina lilizaliwa baadaye. Mwaka 1830 Andrew Ure, mkemia wa Scotland, alipata hataza ya kifaa chenye ukanda wa metali mbili zilizoshikanishwa. Kwa kuwa metali hizo hazitanuki kwa kadiri moja, ukanda hupinda upatapo joto, na kupinda huko huweza kufungua au kufunga kilango. Ure alikipa kifaa chake jina kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani: thermos, yaani -enye joto, na statos, yaani -liosimamishwa mahali pake. Neno hili la pili tutalirudia.

Kilichokiingiza chombo hiki katika majengo ya watu ni baridi ya Marekani. Warren Johnson alikuwa mwalimu katika chuo cha ualimu cha Whitewater, Wisconsin. Ili kupima joto la madarasa, mtumishi wa jengo ilimbidi aingie katika kila chumba na kukatiza masomo, kisha ateremke chini kurekebisha vilango vya hewa. Mwaka 1883 Johnson alipata hataza ya kifaa cha umeme kilichomaliza usumbufu huo. Yafaa kutia maanani kwamba kifaa hicho hakikugusa moto kamwe. Kilipiga kengele tu, na mtumishi akajua la kufanya. Miaka miwili baadaye, mjini Minneapolis, Albert Butz alibuni mtambo uliofungua wenyewe kilango cha tanuri chumba kilipopoa. Mtumishi akaondoka katika kazi hiyo, lakini tabia ya chombo ilibaki ile ile: chenyewe hakitoi joto, hutoa amri.

Mwaka 1953 kampuni ya Honeywell ilitoa thamostati ya mviringo iliyoenea sana katika nyumba za Wamarekani. Ndani yake ukanda wa metali mbili uliosokotwa uliinamisha kichupa cha zebaki, na zebaki ilipotiririka iliunga au kukata umeme. Chombo kikifungwa ukutani kikaenda upande, kilikosea kiwango. Siku hizi zebaki imeachwa na nafasi yake kushikwa na elektroniki, nayo ina udhaifu wake: betri ikiisha, nyumba hupoa ingawa tanuri ni zima.

Hata hivyo, mara nyingi lawama huangukia chombo kisicho na hatia. Thamostati hujua joto la mahali ilipo tu. Ikiwekwa karibu na taa au penye jua, hudhani nyumba nzima ina joto, ikazima tanuri huku wenyeji wakitetemeka. Penye kiyoyozi kosa hilo hilo huleta kinyume chake, yaani mtambo hauzimiki. Anayeharakia kununua chombo kipya hupata hasara, na tatizo hubaki pale pale.

Kosa la pili limo katika fikra. Mwaka 1986 mtafiti Willett Kempton alichapisha uchunguzi wake juu ya namna Wamarekani wanavyoielewa thamostati ya nyumbani. Wengine waliifikiria kama bomba la maji: kadiri unavyolifungua zaidi, ndivyo joto linavyomiminika kwa wingi. Kumbe katika mtambo wa kawaida thamostati ni swichi. Kadhalika kwetu, mtu anayeingia chumbani Dar es Salaam wakati wa jua kali akakiweka kiyoyozi katika nyuzi 16, hali anataka 24, hatapozwa upesi zaidi ikiwa kiyoyozi chake si cha aina inayobadili kasi. Atasahau kukirudisha, na ankara ya umeme itamkumbusha.

Sasa tuyapime majina yetu. Thamostati hufahamika dukani na kwa fundi, ila kwa asiyejua Kiyunani halifafanui chochote. Kirekebishajoto ni jina la Kiswahili safi, lakini hulea fikra ile ile ya bomba, kana kwamba mtu akizungusha kitufe joto lenyewe huongezwa au kupunguzwa. Kidhibitijoto lina nguvu zaidi. Kudhibiti ni kushika barabara, kuzuia kitu kisitoke mahali pake, maana iliyo karibu sana na ile ya statos. Aidha, linakaa vizuri kando ya kipimajoto: kimoja hupima, kingine hushikilia.

Lakini jina peke yake halitoshi, maana hata kudhibiti hakusemi kwa njia gani. Kwa hiyo hapana budi istilahi hii iandamane na fasili, nasi tunapendekeza hii: kidhibitijoto ni swichi inayowasha na kuzima mtambo kufuatana na joto la mahali ilipo. Neno swichi litamzuia mtumiaji asiigeuze bomba, na maneno ya mwisho yatamtuma aangalie kwanza ukutani, kama pana taa au jua, kabla hajamwita fundi.