Mita Tatu za Waya

Mwishoni mwa 1938, wanunuzi wa redio za bei ghali za kampuni ya Philco, huko Marekani, walipata kitu kigeni sebuleni: kisanduku cha mbao kisichounganishwa na waya wowote, chenye kisahani cha kuzungusha kwa kidole kama cha simu za wakati ule. Mtu aliketi kwenye kochi, akazungusha, na redio iliyokuwa upande wa pili wa chumba ikabadili stesheni. Kampuni ilikiita Mystery Control. Ndani yake mlikuwa na betri, koili na valvu moja tu, na kwa hivyo mbele ya sheria kisanduku kile kilikuwa mtambo wa kurusha mawimbi ya redio.

Mtambo wa namna hiyo ulitakiwa uwe na leseni. Sheria ya Mawasiliano ya 1934, iliyoiunda FCC, tume ya kusimamia mawasiliano, haikumruhusu mtu kurusha mawimbi bila kibali cha serikali, na ukali huo ulikuwa na chanzo chake. Meli ya Titanic ilizama Aprili 1912, na wapenzi wa redio wakalaumiwa kwa kuvuruga mawasiliano. Kufikia Agosti, sheria mpya ilikuwa imewasukuma wapenzi wa redio kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, eneo ambalo wataalamu wa siku zile waliliona halina faida. Kisha, mwaka 1926, mahakama iliamua kwamba Waziri wa Biashara hakuwa na mamlaka ya kuvipangia vituo masafa. Vituo vikaanza kupigana vikumbo hewani, kimoja kikifunika kingine, hadi Bunge likatunga sheria nyingine mwaka 1927. Waliopitia kelele zile hawakutaka tena kusikia habari ya mtu kujirushia tu.

Lakini nani angempa leseni kila mwenye rimoti? Tena palikuwa na gramafoni zisizo na waya, zilizorusha muziki wa santuri hatua chache hadi kwenye redio ya nyumbani. Novemba 1938 FCC ikaamua kuviachia vifaa hivyo, kwa sharti la kipimo. Gawanya futi 157,000 kwa masafa ya kifaa yakihesabiwa kwa kilohezi. Ukifika umbali unaopatikana, nguvu ya mawimbi isizidi mikrovolti 15 kwa mita. Kwa kifaa cha kilohezi 550 umbali huo ni kama mita 87. Kwa kile cha kilohezi 1,600 ni mita 30 hivi. Nyumba na ua wake, basi.

Mlango ulifunguliwa kwa ajili ya santuri na rimoti, na watu wakapita na sauti zao.

Wengine walikuwa wameshatangulia. Mwaka 1936, katika Chuo Kikuu cha Brown, wanafunzi wawili, George Abraham na David Borst, walivuta nyaya kati ya mabweni na kurusha vipindi vyao, wakauita mtandao wao The Brown Network. Vyuo vingine vikaiga kwa kupitisha mawimbi kwenye nyaya za umeme za majengo, na ilipofika 1940 vilikuwa vimeunda chama chao, Intercollegiate Broadcasting System. Redio nyingi za wanafunzi wa Marekani zilianzia hapo, kwenye mawimbi yaliyoishia ukutani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikaja zamu ya vijana wa nyumbani. Allied Radio ya Chicago iliuza vipande vya mtambo mdogo ndani ya boksi, na mnunuzi aliviunga mwenyewe kwa lehemu. Mwaka 1978 kampuni ya Ronco ilileta Mr. Microphone, maikrofoni ya kuchezea iliyoitoa sauti ya mtoto kwenye redio ya FM iliyo karibu. Aliyewahi kuisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye redio ya jirani anaelewa kwa nini baadhi ya vijana hao hawakuacha tena.

Kwa upande wa AM, kanuni iliyowafaa zaidi ilikuja baada ya ile ya 1938, nayo imo hadi leo katika Sehemu ya 15 ya kanuni za FCC: kati ya kilohezi 510 na 1705, hatua ya mwisho ya mtambo isile zaidi ya miliwati 100, na urefu wa antena, waya wa kuilisha na waya wa ardhini, vyote kwa jumla, usizidi mita 3. Ubishi mkubwa wa wapenzi wa redio umezaliwa katika maneno hayo “waya wa ardhini”. Mtu anapandisha mtambo juu ya paa, antena ya mita tatu kamili, kisha anateremsha waya hadi kwenye udongo. Anasema waya huo ni wa kinga ya radi. Mkaguzi wa FCC anasema waya huo nao unarusha mawimbi, kwa hiyo uhesabiwe, na mara antena ya mita 3 imegeuka ya mita 10. Kwa fizikia mkaguzi ana haki: waya ule husukuma sauti mbali kuliko antena yenyewe. Hata hivyo, ni vigumu kutomhurumia mtu aliyepima kila sentimita kwa utepe.

FM haina ubishi wa aina hiyo kwa sababu haina nafasi ya kubishania. Kikomo ni mikrovolti 250 kwa mita ukiwa umbali wa mita 3. Ukipiga hesabu, nguvu hiyo haizidi sehemu mbili kati ya milioni mia moja za wati moja. Mwaka 1991 FCC ililazimika kuwakumbusha watu kwamba mawimbi hayo hufika karibu futi 200 tu.

Ni kidogo mno kwa mtu mwenye jambo la kuuambia mtaa wake. Novemba 1987, Mbanna Kantako, mkazi kipofu wa nyumba za umma za John Hay Homes mjini Springfield, Illinois, aliwasha mtambo wa wati moja bila leseni na kuwatangazia majirani zake. FCC ilimtoza faini ya dola 750 mwaka 1989. Hakunyamaza. Stephen Dunifer wa Free Radio Berkeley, kituo kingine kisicho na leseni, naye aliipigania mahakamani haki ya kurusha matangazo hadi alipozuiwa mwaka 1998. Wote wawili walivunja sheria, na ukweli huo haufichiki. Lakini Januari 2000 mwenyekiti wa FCC, William Kennard, alipofungua leseni za vituo vidogo vya FM visivyo vya biashara, vya hadi wati 100, aliwapa watu wa mitaa kile ambacho hao wawili walikuwa wakikidai kwa miaka mingi.

Waliobaki chini ya Sehemu ya 15 wanaendelea bila kuomba kibali. Mtu anaruhusiwa kujiundia hadi vifaa vitano kwa matumizi yake, mradi asiviuze. Anaishi na masharti mawili: asiwaingilie wenye leseni, na avumilie kuingiliwa. Akiambiwa azime, anazima. Masharti hayohayo yamechapishwa nyuma ya vifaa vingi vya Wi-Fi vinavyouzwa Kariakoo na Nairobi, kwa herufi ndogo zinazotaja jina la FCC na namba 15.