Ukelele Kabla ya Panga

Nyumba ya mawe ya mwambao ilijengwa kwa hesabu ya sauti. Mgeni hukutana kwanza na baraza, kisha daka, kisha mlango mzito wa nakshi ambao haumruhusu kupita mpaka apige hodi na aitikiwe. Katika nyumba za kale za Lamu, aliyeitikiwa huingia tekani, na tekani imepindishwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani. Kiwanda hufuatwa na misana, na mwisho wa yote ni ndani, chumba cha faragha kuliko vyote, walimokaa wanawake na ilimohifadhiwa mali ya thamani. Kila mpaka katika nyumba hiyo hufunguliwa kwa neno. Adabu hiyo ina msingi wake katika Sura ya An-Nur, aya ya 27, inayowakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao kabla ya kuomba idhini na kuwatolea salamu waliomo. Na mafunzo ya Mtume yakaongeza kwamba aliyeomba idhini mara tatu asiitikiwe, na arudi alikotoka.

Mwivi ni yule asiyepiga hodi. Ndiyo maana kuvunjiwa nyumba hakupimwi kwa thamani ya kilichochukuliwa peke yake. Aliyeibiwa kuku shambani amepoteza kuku. Aliyeamka usiku akakuta tundu ukutani amepoteza usingizi wa miezi, hata kama hakikuchukuliwa kitu. Watu wa zamani walilijua hilo, na kwa hivyo swali la nini afanye mwenye nyumba anaposikia komeo likitikiswa katikati ya usiku ni miongoni mwa maswali ya kale kabisa katika vitabu vya sheria. Majibu yao yanastahili kusomwa tena, kwani jibu linalotolewa mara nyingi mitaani leo limekwenda mbali nayo.

Jibu kali kuliko yote limechongwa juu ya jiwe jeusi lililofukuliwa Susa, nchini Iran, kati ya mwaka 1901 na 1902, ambalo sasa limo katika makumbusho ya Louvre mjini Paris. Jiwe hilo lina sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli katika karne ya 18 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Kifungu cha 21 kinaamuru kwamba aliyetoboa nyumba ya mtu auawe mbele ya tundu lile lile alilolitoboa, na maiti yake ibaki hapo hapo. Sheria inasema kutoboa kwa sababu kuta za Babeli zilikuwa za udongo, na mwivi hakuwa na haja ya kuhangaika na mlango. Waliowahi kukaa katika nyumba za fito na udongo watamwelewa mfalme huyo bila ya mkalimani.

Torati iliyapunguza makali hayo kwa kuliingiza jua katika hesabu. Kitabu cha Kutoka, mlango wa 22, kinaeleza kuwa mwivi akikutwa anavunja nyumba, akapigwa akafa, hapana dhima ya damu kwa aliyempiga. Lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, dhima ipo. Mwivi aliye hai anatakiwa alipe alichokichukua. Maana yake inafahamika. Gizani mwenye nyumba hajui aliyeingia ana nini mkononi, wala kama yuko peke yake. Mchana anaona, na aonaye hawezi kudai udhuru wa asiyeona. Ruhusa ilitokana na hofu ya haki ya mtu aliye gizani. Hasira yake haikuhesabiwa.

Warumi nao, katika Vibao Kumi na Viwili vya sheria zao vilivyoandikwa mwaka 451 na 450 kabla ya Nabii Isa, waliutenga usiku na mchana vivyo hivyo. Aliyemuua mwivi wa usiku hakuwa na hatia. Mwivi wa mchana hakuruhusiwa kuuawa isipokuwa alijihami kwa silaha, na hata hapo mwenye nyumba alipaswa kupiga ukelele kwanza. Gaius, mwanasheria wa karne ya 2, anaeleza kuwa sharti hilo la ukelele lilimhusu hata aliyepambana na mwivi wa usiku. Ukelele ulikuwa na kazi tatu kwa pamoja: ulimpa mwivi nafasi ya kukimbia, uliwaamsha majirani, na uliwafanya wawe mashahidi. Mtu aliyekusudia kumuua adui yake kwa siri, kisha akamwita mwivi, hatapiga kelele ili mtaa mzima uje kuangalia.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, ambako madhehebu ya Shafii yameenea kwa karne nyingi, kitabu kilichotegemewa na makadhi na mafakihi ni Minhaj cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277. Ndani yake mna mlango mahsusi unaomzungumzia mshambuliaji, awe amekuja kwa ajili ya roho, heshima au mali. Nawawi amelijenga jibu lake mfano wa ngazi. Ikiwa mshambuliaji anaweza kuzuiwa kwa maneno au kwa kuomba msaada, ni haramu kumpiga. Ikiwa mkono unatosha, ni haramu kutumia mjeledi. Mjeledi ukitosha, ni haramu kutumia fimbo. Na ikiwa kumjeruhi kiungo kunatosha, ni haramu kumuua. Kama kuna njia ya kukimbia, kauli iliyotegemewa ni kwamba kukimbia ni wajibu. Zaidi ya hayo, kuitetea mali isiyo na roho ni ruhusa tu, haikufanywa lazima. Lililo lazima ni kutetea heshima ya watu wa nyumba.

Wapo wanaoshikilia upande mmoja tu wa mafunzo haya. Hutaja hadithi mashuhuri ya kwamba mwenye kuuawa akiitetea mali yake ni shahidi, wakaishia hapo. Hadithi hiyo ni sahihi, na inampa heshima mwenye nyumba aliyekufa mlangoni pake. Lakini mafakihi walioisoma na kuihifadhi ndio hao hao walioipanga ngazi, na daraja ya kwanza kabisa ya ngazi hiyo wakaiweka sauti.

Uingereza nayo ilifika kwenye sauti kwa njia yake. Sheria ya Winchester, iliyotolewa na Mfalme Edward wa Kwanza mwaka 1285, iliwataka walinzi wa usiku wapige ukelele wakimfuata mtu waliyemtilia shaka akakataa kusimama. Ukelele ulipokewa kutoka mji hadi mji mpaka mtu huyo akamatwe, kisha akabidhiwe kwa sherifu. Kisha, mwaka 1604, ikaja kesi ya Semayne mjini London, yenye asili yake katika deni la marehemu mmoja. Humo ndimo ilimothibitishwa kanuni inayojulikana duniani kote, kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake. Wengi huikumbuka ngome na kusahau sehemu iliyobaki ya hukumu. Mahakama ilieleza kuwa ofisa wa mfalme anaweza kuuvunja mlango katika shauri la mfalme, lakini kabla ya kuuvunja ni lazima aeleze sababu ya kuja kwake na aombe afunguliwe. Kwa maneno ya mwambao, hata mfalme alitakiwa apige hodi.

Fikra hizo za Kiingereza ziliufikia mwambao zikipitia Bara Hindi. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, iliyotokana na rasimu ya Thomas Macaulay, ililetwa na watawala wa Kiingereza na kutumika katika mahakama zao za Afrika Mashariki kabla ya Kenya na Tanganyika kupewa kanuni zao mwaka 1930, na Zanzibar mwaka 1934. Kanuni hiyo, iliyodumu India kwenyewe mpaka Julai 2024, iliruhusu hata kuua katika kuikinga nyumba inayovunjwa usiku. Ikaweka masharti: madhara yasizidi yale yanayohitajika, na haki ya kujihami dhidi ya mvunjaji wa usiku idumu maadamu uvunjaji unaendelea. Mwivi akishatoka akakimbia, haki hiyo nayo imetoka. Sheria ya Kenya mpaka leo inatenganisha kuvunja nyumba mchana, kosa lenye kifungo kisichozidi miaka 7, na kuivunja usiku, kosa la miaka 10. Imeupa hata usiku wenyewe mipaka: kuanzia saa 12:30 za jioni hadi saa 12:30 za asubuhi. Kumbe lile jua la Torati lingali likichomoza mahakamani.

Ugumu wa masharti haya ulionekana Uingereza usiku wa tarehe 20 Agosti 1999. Tony Martin, mkulima aliyeishi peke yake katika nyumba ya mbali huko Norfolk, aliwafyatulia risasi watu wawili waliomvunjia. Mmoja wao, kijana wa miaka 16, alipigwa mgongoni akafa. Mwaka 2000 Martin alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuua kwa makusudi. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa, baada ya kusikia ushahidi wa hali ya akili yake, iligeuza hukumu hiyo kuwa ya kuua bila ya kukusudia, kifungo miaka 5, naye akatoka mwaka 2003. Nchi iligawanyika. Walioishi peke yao mashambani walimwona kuwa mtu aliyeachwa bila ya msaada. Wengine waliukumbuka mgongo wa yule kijana. Mwaka 2013 Bunge la Uingereza liliilegeza sheria kwa upande wa mwenye nyumba, ambaye sasa anaweza kusamehewa nguvu iliyozidi kiasi katika taharuki, isipokuwa ikiwa imezidi kwa kupindukia. Taharuki imehurumiwa, kisasi hakikuruhusiwa.

Hapo ndipo msomaji wa mwambao anapopaswa kujitazama. Ukelele haujafa katika miji ya Afrika Mashariki. Neno moja, "Mwizi!", linatosha kuujaza uchochoro watu kabla ya pumzi ya pili. Lakini kazi ya neno hilo imegeuka. Ukelele wa Warumi ulimzuia mwenye nyumba asiue kwa siri; wa Winchester ulimfikisha mtu kwa sherifu; na ombi la msaada katika Minhaj liliwekwa ili fimbo isihitajike. Ukelele wa leo mara nyingi huita mawe, matairi na petroli. Magazeti yamewapatia wauaji jina la upole, "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ndiyo iliyoshika jiwe. Anayeuawa namna hiyo tayari ameshikwa. Hana silaha, yumo mikononi mwa watu, na nyumba aliyoivunja iko mbali nyuma yake. Pengine hakuvunja nyumba yoyote, ila alikimbia kwa kuogopa kelele. Hata Hammurabi, pamoja na ukali wake, alitaka kwanza lionekane tundu.

Wanaotetea jambo hilo husema polisi hawafiki, na wakifika mwivi hutoka kesho yake. Malalamiko hayo yana uzito, na mwenye kuyapuuza hajawahi kuvunjiwa. Lakini udhaifu wa kituo cha polisi ni jambo la kudaiwa kwa serikali, na damu ya aliyefungwa kamba haiwezi kuulipa. Wahenga waliposema siku za mwizi ni arobaini waliahidi kwamba atapatikana. Hawakusema afanywe nini bila ya kadhi.

Basi mwenye nyumba afanye nini? Akisikia kitu, na awakusanye watu wake katika chumba kimoja na aubane mlango. Awashe taa na apaze sauti, amwambie aliyeko nje kuwa amesikiwa, na awaite majirani kwa majina yao. Amwachie mwivi njia ya kutokea, kwani aliyezibiwa njia hupigana. Akishambuliwa, ajihami kwa kinachotosha. Mwivi akikimbia, asimfuate gizani. Akikamatwa, wa kwanza kumkinga na mawe awe ni mwenye nyumba mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeita watu, na dhima ya mwito wake iko juu yake. Palipovunjwa paachwe kama palivyo mpaka wenye mamlaka wapaone.

Asubuhi majirani watakuja kutoa pole, nao watakaa barazani na kuuliza habari za usiku. Ataitwa fundi aje kuziba tundu kwa chokaa, na seremala atazame komeo. Kabla ya magharibi mtu mwingine atasimama mbele ya mlango huo, atakohoa kidogo, kisha atapiga hodi.